Kuipandisha Hadhi Kompyuta ya Gemu ya Mwaka 2017 Ili Icheze kwa 1440p Bila Kukwamakwama

Maswali ninayoulizwa kuhusu kompyuta za gemu za zamani ni yaleyale kila mwezi. Mmoja ananunua skrini ya 1440p kisha anauliza mbona gemu sasa linajikokota. Mwingine ameongeza RAM kwa sababu muuzaji alimwambia hiyo ndiyo dawa, na haoni tofauti yoyote. Wa tatu ameleta kadi kubwa ya grafiki, na mashine inajizima kila anapofungua gemu. Wote watatu walinunua kabla ya kupima, na ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kupima na kufikia ununuzi baadaye.

Ili maelezo yasielee hewani, nimechukua mashine moja ambayo wengi bado wanayo: prosesa ya Ryzen 5 1600, ubao mama wenye chipseti ya B350, kadi ya GTX 1060 yenye GB 6, kipande kimoja cha RAM cha GB 8, diski ya kuzunguka ya TB 1, pawa saplai ya wati 450 na skrini ya 1080p. Mwaka 2017 hiyo ilikuwa mashine ya kujivunia. Faida yake kubwa leo ni soketi ya AM4, ambayo AMD iliendelea kuitumia hadi familia ya Ryzen 5000, kwa hiyo ubao uleule unaweza kupokea prosesa iliyotoka mwaka 2022 au hata 2024. Mwenye Intel ya kizazi cha nne, kwa mfano Core i5-4460, hana bahati hiyo. Soketi yake haina pa maana pa kupanda zaidi ya i7-4790K, RAM yake ni DDR3, na akitaka prosesa mpya atalazimika kubadilisha prosesa, ubao mama na RAM kwa pamoja. Hatua zinazohusu kupima, umeme, kadi na skrini zinamfaa vilevile.

Nadharia inayohitajika ni hesabu moja tu. Picha ya 1920×1080, yaani 1080p, ina pikseli (nukta za picha) zipatazo milioni 2.07, ya 2560×1440, yaani 1440p, ina milioni 3.69, na ya 3840×2160, yaani 4K, ina milioni 8.29. Pikseli hizo zote huchorwa na kadi ya grafiki. Prosesa hushughulikia mambo mengine, kama vile mienendo ya wahusika, fizikia na maagizo yanayopelekwa kwenye kadi, na kazi hiyo karibu haibadiliki hata ukiongeza resolusheni. Kwa hiyo anayehamia 1440p anaiongezea kadi mzigo wa karibu asilimia 78, na anayehamia 4K anauzidisha mara nne. Kwa mashine ya umri huu mimi hupendekeza 1440p, na 4K nawaachia wenye bajeti ya kununua mashine mpya nzima.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Andaa bisibisi ya nyota ya ukubwa wa kati, ikiwezekana yenye sumaku kwenye ncha; pesti ya kupitisha joto; pombe ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi; brashi laini; flashi ya USB ya GB 8 au zaidi; na kibakuli cha kuwekea skrubu. Pakua mapema kitabu cha maelezo cha ubao mama wako kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwa sababu utakirejea mara nyingi kuliko unavyodhani. Upande wa programu utahitaji CPU-Z, GPU-Z, HWiNFO, MSI Afterburner na Display Driver Uninstaller, zote za bure.

Ikiwa unaishi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, azima UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika) kwa siku hiyo moja hata kama huna yako. Sababu utaiona kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Pima mashine ilivyo sasa

Fungua gemu unalolicheza zaidi huku Afterburner ikionyesha pembeni mwa skrini fremu kwa sekunde, matumizi ya kadi, kumbukumbu ya kadi iliyotumika, joto na matumizi ya kila kiini cha prosesa. Cheza sehemu nzito kwa dakika kumi na tano, kisha soma.

Kadi ikikaa kati ya asilimia 97 na 99 muda wote, kadi ndiyo inayokuzuia. Ikishuka hadi 60 au 70 huku fremu zikiwa chache, na hujaweka ukomo wa fremu popote, kizuizi kiko kwenye prosesa au RAM. Hapa wengi hudanganyika, kwa kuwa wanaona prosesa inaonyesha asilimia 40 na kudhani imepumzika. Asilimia hiyo ni wastani wa nyuzi zote 12, yaani njia za kazi ndani ya prosesa, na gemu nyingi hutegemea nyuzi moja au mbili. Nyuzi moja ikiwa imejaa, prosesa imeshafika mwisho wake, hata kama nyingine kumi zimelala.

Kuna jaribio la kuthibitisha ambalo halina gharama. Shusha resolusheni hadi 1280×720 bila kubadilisha mpangilio mwingine wowote. Fremu zikiongezeka sana, tatizo lilikuwa kadi. Zikibaki palepale, hata ukinunua kadi ya bei ya gari hutapata nyongeza ya maana.

Andika namba hizo kwenye karatasi. Bila kumbukumbu hiyo hutajua baadaye kama fedha yako imefanya kazi au ni macho tu yanayotamani kuona mabadiliko.

Hatua ya 2: Amua kinachobadilishwa, na kwa mpangilio gani

Kwa mashine ya mfano wetu, vipimo karibu kila mara vitaonyesha mambo mawili kwa pamoja: GTX 1060 imejaa kabisa kwenye 1440p, na kipande kimoja cha RAM kinaibana prosesa. Mpangilio ninaoufuata wa kununua ni RAM na SSD kwanza kwa sababu kwa kawaida ni nafuu kuliko kadi, kisha pawa saplai na kadi kwa pamoja, na prosesa mwisho.

*Kadi.* Kwa 1440p tafuta yenye kumbukumbu ya GB 12 au zaidi. Kadi ya GB 8 bado inacheza gemu nyingi, lakini gemu mpya zenye picha nzito huijaza, na ikijaa utaona mikwamo mikali ya ghafla hata kama wastani wa fremu ni mzuri. RX 6700 XT, iliyotoka Machi 2021 ikiwa na GB 12, ni mfano mzuri kwa bei ya mtumba. RTX 3060 ya GB 12 ina nguvu pungufu kuliko hiyo lakini hula wati 170 tu, na inaweza kutumia DLSS, teknolojia ya NVIDIA ya kukuza picha. Kuwa macho hapa, kwani kuna RTX 3060 nyingine ya GB 8 iliyotoka baadaye, ambayo njia yake ya kumbukumbu imepunguzwa kutoka biti 192 hadi 128, na jina kwenye boksi ni lilelile.

Angalia pia kadi inatumia njia ngapi za PCIe, yaani muunganisho wake na ubao mama. B350 hutoa PCIe 3.0, na kadi kama RX 6500 XT hutumia njia nne tu, kwa hiyo kwenye ubao wa zamani hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Hiyo usiinunue kwa mashine hii hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

*Prosesa.* Ryzen 5 5600 ya wati 65 inatosha wengi. Ryzen 7 5700X3D, yenye kache ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 96, ndiyo ya kuchukua ikiwa unacheza gemu za mashindano au za kuigiza ujenzi wa miji na unalenga fremu zaidi ya 100. Kumbuka tu kwamba haiji na kipoozaji ndani ya boksi. Bao nyingi za B350 zina sehemu dhaifu ya kudhibiti umeme wa prosesa, kwa hiyo achana na Ryzen 9.

*Pawa saplai.* Usisome wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Geuza ubavu, tafuta mstari wa volti 12, na uzidishe ampea kwa 12. Saplai ya kweli ya wati 650 itaonyesha takriban ampea 54, yaani wati 648. Nimewahi kushika moja iliyoandikwa "600W" kwa rangi ya dhahabu, na mstari wake wa volti 12 ulikuwa na ampea 25. Hizo ni wati 300. Ilikuwa nyepesi kama boksi tupu la viatu, na wepesi huo nao ni dalili. RX 6700 XT hula wati 230 na AMD hupendekeza saplai ya wati 650, kwa hiyo ile ya 450 haifai. Alama ya 80 Plus inaeleza ufanisi wa saplai katika kugeuza umeme, haielezi kama imetengenezwa kwa uimara.

*Ukinunua kadi ya mtumba*, iwe Kariakoo, Nairobi au kwa mtu binafsi, usilipe kabla hujaiona ikifanya kazi nzito kwa angalau dakika ishirini. Fungua GPU-Z na ulinganishe idadi ya viini na kumbukumbu na zile za mtengenezaji. RX 580 ya kawaida ina viini 2304, ilhali kuna nyingine ya viini 2048 inayouzwa kwa jina hilohilo. Zipo pia kadi za kale zilizobadilishwa BIOS (programu ya msingi iliyo ndani ya kifaa) ili zijitambulishe kwa jina jipya, na GPU-Z inayafahamu mengi ya maghushi hayo na huandika neno la tahadhari mbele ya jina la kadi.

Hatua ya 3: Hifadhi nakala, kisha sasisha BIOS ukiwa bado na prosesa ya zamani

Nakili faili zako muhimu kwenye diski ya nje. Baada ya hapo angalia kama BitLocker, ulinzi wa Windows unaoifunga diski kwa ufunguo, imewashwa. Ikiwa imewashwa, isitishe kwa muda na uandike ufunguo wake wa urejeshaji. Ukibadilisha prosesa, kifaa cha usalama cha fTPM kilichomo ndani yake hubadilika pia, na Windows inaweza kudai ufunguo huo kabla ya kufunguka. Asiye nao atabaki anaiangalia skrini ya bluu yenye kisanduku cha tarakimu 48.

Sasa BIOS. Ubao wa mwaka 2017 hauitambui Ryzen 5000 mpaka usasishwe, na ukishaweka prosesa mpya kabla ya kusasisha, mashine haitaonyesha picha yoyote. Kosa hili ndilo linaloongoza kwa kuwarudisha watu dukani wakidai wameuziwa prosesa mbovu.

Tumia CPU-Z kusoma jina kamili la ubao pamoja na toleo lake, kwa sababu rev 1.0 na rev 1.1 zinaweza kuwa na BIOS tofauti. Kwenye tovuti ya mtengenezaji, hakikisha prosesa unayoitaka imo kwenye orodha ya zinazokubalika, kisha soma maelezo yaliyo chini ya kila toleo: baadhi ya bao hutaka upitie toleo la kati kwanza kabla ya kufika la mwisho. Weka faili kwenye flashi iliyoumbizwa kwa FAT32, washa mashine ukiwa kwenye UPS, ingia BIOS na utumie zana ya kusasisha iliyomo humohumo. Usiifanye kazi hii ndani ya Windows.

Dakika hizo chache usiguse kitu. Umeme ukikatika katikati, ubao usio na njia ya kujirejesha huwa tofali, na kuufufua kunahitaji fundi mwenye kifaa cha kuandika chipu moja kwa moja.

Hatua ya 4: Safisha

Chomoa waya wa umeme na ubonyeze kitufe cha kuwasha kwa sekunde tano ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kifaa chochote cha ndani, hasa ikiwa unaishi bara wakati wa kiangazi ambapo hewa ni kavu.

Toa vumbi kwa brashi na blowa ndogo, ukiwa umezuia kila feni kwa kidole isizunguke. Najua wapo wanaopeleka kompyuta kwa fundi pancha ili ipulizwe kwa kompresa. Usithubutu. Kompresa ile hutoa hewa yenye matone ya maji na mafuta, na msukumo wake unatosha kung'oa vipande vidogo kwenye ubao.

Hatua ya 5: Badilisha pawa saplai

Chomoa waya zote za saplai ya zamani, zikiwemo zile za moduli (zinazochomoka kwenye saplai yenyewe), na uziweke kando pamoja na saplai yake. Waya za moduli za kampuni moja huweza kuingia kwenye saplai ya kampuni nyingine huku mpangilio wa pini ukiwa tofauti, na matokeo yake ni kuunguza diski au ubao mara tu unapowasha. Tumia waya zilizokuja na saplai mpya, basi.

Unganisha waya mkubwa wa pini 24, wa prosesa wa pini 8 ulio juu kushoto, na uache waya mbili tofauti za PCIe zikiwa zimeelekezwa mahali kadi itakapokaa.

Hatua ya 6: Badilisha prosesa

Hatua hii nitaieleza taratibu, kwa kuwa mimi mwenyewe nimelipia somo lake. Prosesa za AM4 zina pini 1331 chini yake, na pini hizo ziko kwenye prosesa yenyewe. Pesti iliyokaa miaka sita hugeuka kama saruji. Nilipovuta kipoozaji changu juu kwa mara ya kwanza, kilitoka na prosesa ikiwa imeng'ang'ania chini yake, imechomoka kwenye soketi iliyokuwa bado imefungwa, na pini za pembe moja zimelala kama mpunga uliopigwa na upepo. Nilizinyoosha moja baada ya nyingine kwa ncha tupu ya penseli ya kubonyeza niliyoitoa risasi, nikimulika kwa tochi ya simu, na ilinichukua sehemu kubwa ya usiku. Zilinyooka zote, lakini pini moja tu ingekatika mkononi ningekuwa nimeipoteza prosesa.

Ili yasikukute hayo, fuata mpangilio huu. Kabla ya kugusa kipoozaji, unganisha tena mashine yote na ucheze gemu kwa dakika kumi ili pesti ipate joto na kulainika. Zima mashine, chomoa umeme, fungua skrubu za kipoozaji kwa mpishano wa kona na kona, halafu kizungushe kidogo kushoto na kulia, mara kadhaa, mpaka uhisi kimeachia. Hapo ndipo unakiinua.

Inua mkono mdogo wa soketi, toa prosesa ya zamani, linganisha pembetatu ndogo ya dhahabu ya prosesa mpya na alama iliyo kwenye soketi, na uiachie iingie kwa uzito wake yenyewe. Ikigoma, mpangilio umekosewa au pini imepinda, usiisukume. Shusha mkono wa soketi, futa mabaki ya pesti kwenye kipoozaji kwa pombe, weka pesti mpya ya ukubwa wa punje ya mbaazi katikati ya prosesa, kisha rudisha kipoozaji ukikaza skrubu kidogokidogo kwa mpishano. Mwisho chomeka feni kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN, ambazo watu wengi huzisahau.

Hatua ya 7: RAM na SSD

Nunua vipande viwili vilivyouzwa pamoja, GB 8 mara mbili au GB 16 mara mbili, vya DDR4 yenye kasi ya 3200. Kwenye ubao wenye nafasi nne, viweke kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kipande kimoja hufanya kazi kwa njia moja tu ya mawasiliano, yaani nusu ya upana ambao prosesa inaweza kuutumia, na hiyo ndiyo sababu ya mikwamo mingi ambayo watu huisingizia kadi.

SSD haiongezi fremu. Inachoondoa ni kusubiri kwingi, pamoja na ile mikwamo ya gemu za ulimwengu mpana unapoingia eneo jipya. Nafasi ya M.2 kwenye B350 hupokea SSD ya NVMe, aina yenye kasi zaidi, lakini soma kitabu cha ubao kwanza, kwani kwenye baadhi ya bao nafasi hiyo ikitumika, milango miwili ya SATA, inayounganisha diski, huzimika, na mtu hudhani diski yake ya zamani imekufa.

Hatua ya 8: Kadi ya grafiki

Kabla ya kuchomoa kadi ya zamani, tumia Display Driver Uninstaller kuondoa draiva zake, hasa ikiwa unahama kutoka NVIDIA kwenda AMD. Pima kwa rula nafasi iliyo ndani ya kasha. Kadi nyingi za sasa zina urefu wa kati ya milimita 270 na 320, na kasha la zamani lenye kizimba cha diski mbele huenda lisitoshe.

Bonyeza kishikizo cha mwisho wa nafasi ya PCIe, toa kadi ya zamani, ingiza mpya kwenye nafasi ya juu kabisa hadi usikie mlio wa kishikizo, kisha kaza skrubu zake mbili. Kadi yenye tundu mbili za umeme ipewe waya mbili zinazotoka kwenye saplai kila mmoja kivyake. Kutumia waya mmoja wenye vichwa viwili kunaupa mzigo wote waya huo, na ndipo kompyuta inapojizima katikati ya mapigano.

Hatua ya 9: Skrini

Chomeka waya wa skrini kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Tumia DisplayPort ikiwa skrini inayo, kwa sababu kwenye baadhi ya skrini za 1440p tundu la HDMI haliwezi kufika Hz 144 (mara ambazo skrini hubadilisha picha kwa sekunde). Anayetumia televisheni ya 4K ajue kwamba HDMI 1.4 huishia Hz 30 kwa resolusheni hiyo, na HDMI 2.0 hufika 60. Aweke pia televisheni kwenye hali ya gemu, la sivyo atabonyeza kitufe na kuona matokeo baadaye.

Hatua ya 10: Washa, kisha rekebisha mipangilio

Mara ya kwanza mashine inaweza kukaa gizani dakika moja au mbili ikiizoea RAM mpya. Ikiuliza kuhusu fTPM mpya, jibu ndiyo, maadamu ufunguo wa BitLocker unao. Ingia BIOS na uwashe XMP, ambayo kwenye bao nyingine huitwa DOCP au A-XMP. Bila hiyo, RAM uliyoilipia kasi ya 3200 mara nyingi itatembea kwa 2133 au 2400. Washa pia Resizable BAR kama ipo, inayoiruhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja, ila ujue kwamba inahitaji CSM (hali ya kizamani ya kuwasha mashine) kuzimwa, na ukizima CSM wakati Windows iko kwenye diski ya MBR, mpangilio wa zamani wa diski, haitafunguka mpaka uigeuze kuwa GPT, mpangilio mpya, kwa zana ya mbr2gpt.

Ndani ya Windows, sakinisha draiva za kadi, kisha fungua mipangilio ya hali ya juu ya skrini na uchague Hz 144 wewe mwenyewe. Windows mara nyingi hubaki kwenye 60, na hapo ndipo mtu huuliza "mbona sioni tofauti". Washa FreeSync au G-Sync, zinazolinganisha skrini na fremu za kadi, na uweke ukomo wa fremu chini kidogo ya uwezo wa skrini, kwa mfano 141.

Katika gemu lenyewe, picha za nyuso za vitu zinaweza kubaki juu kabisa maadamu kumbukumbu ya kadi inatosha, kwa sababu hazipunguzi sana fremu. Vinavyokula nguvu ni vivuli, ukungu, maakisi na ray tracing (kufuatisha miale ya mwanga). Shusha hivyo kwanza. Kisha washa FSR, mbinu ya AMD ya kukuza picha, au DLSS kwa wenye RTX, kwenye kiwango cha Quality: kwa 1440p gemu litachorwa ndani kwa takriban 1707×960 na kukuzwa, na ukiwa umekaa umbali wa kawaida tofauti ni ndogo. Kiwango cha Performance kwenye 1440p mimi sikipendi, kwani nywele na majani huanza kumeremeta.

Mambo yasipoenda sawa

*Hakuna picha kabisa.* Hakikisha waya wa skrini uko kwenye kadi na waya za umeme za kadi zimeingia mpaka mwisho. Toa RAM, urudishe kipande kimoja. Ikishindikana, chomoa umeme na utoe betri ya duara ya CR2032 kwa dakika tano ili BIOS irudi kwenye hali yake ya mwanzo. Bado hakuna kitu? Rudisha prosesa ya zamani na uangalie toleo la BIOS.

*Mashine inajizima au kujiwasha upya gemu linapokolea.* Shuku pawa saplai kwanza na waya wa vichwa viwili pili. Ikiwa umeme wa nyumbani hupanda na kushuka, jaribu kwa stabilaiza kabla ya kurudisha kitu dukani.

*Fremu ni nzuri kwa dakika kumi, kisha zinaporomoka.* Hilo ni joto. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 90, kipoozaji hakijakaa sawa au pesti haikuenea. Kadi ikiwa ya moto kupita kiasi, fungua ubavu wa kasha na ujaribu tena. Ikipoa, kasha lako halipitishi hewa na linahitaji feni ya mbele.

*Mikwamo ya dakika za mwanzo tu.* Gemu linaandaa sheda zake, yaani programu ndogo za kuchora picha, baada ya draiva mpya. Liache limalize.

*Mikwamo ya sekunde moja au mbili inayotokea mara chache hata nje ya gemu.* Mwaka 2022 AMD ilikiri kwamba fTPM kwenye baadhi ya mashine za Ryzen husababisha hali hii, na ikatoa marekebisho kupitia BIOS zenye AGESA (msimbo wa AMD ndani ya BIOS) 1.2.0.7. Sasisha BIOS kufikia toleo hilo au la baadaye.

*Windows 11 ilikataa zamani, je, sasa?* Ryzen 5 1600 haimo kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubalika kwa Windows 11, lakini Ryzen 5000 zimo. Kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hii nayo ni sababu ya kubadilisha prosesa hata kwa yule ambaye vipimo vyake vilionyesha kadi peke yake. Washa fTPM na Secure Boot kwenye BIOS kabla ya kuanza kusakinisha.

*Fremu hazijaongezeka hata kidogo.* Chukua ile karatasi ya hatua ya kwanza, pima tena gemu lilelile mahali palepale, na uangalie matumizi ya kadi. Ikiwa kadi mpya inakaa kwenye asilimia 50, angalia kwanza ukomo wa fremu uliousahau kwenye draiva, halafu XMP, halafu kwenye GPU-Z uone kama kadi inatembea kwa x16 au imekaa nusu kwenye nafasi yake.